Naomba ushauri: nimpeleke mama bustani ya waridi ya Sissinghurst mwezi wa tisa?

Mpwani_Kent: Assalaam alaykum. Nipo Kent, Uingereza, mama anakuja kutoka Paje, Zanzibar. Nataka tarehe 12 Septemba nimpeleke Sissinghurst akaone mawaridi. Wapo waliofika? Au bora bustani ya Hever, hapa hapa Kent? Usingizi sipati.

Kipepeo: Mawaridi ya Sissinghurst mengi ni ya kizamani, huchanua mara moja kwa mwaka, Juni mpaka mwanzo wa Julai. Septemba utakuta majani. Mlete Juni.

BabaZuu: Usingizi ukukose kwa maua? Mtafutie koti kwanza! Mama yangu alipokuja Reading, siku ya tatu alilia. Kisa, hakuna jirani wa kumwamkia.

Ua_la_Naivasha: Nimefunga mashada ya waridi Naivasha miaka sita. Wanunuzi wa nje wanataka ua likae siku nyingi, harufu ikaachwa njiani. Nilimpelekea nyanya shada, akanusa, akauliza kama ni plastiki. Lakini kwa nini lazima Septemba?

Mpwani_Kent: Tiketi ya ndege nishakata, kuibadilisha ni pesa nyingi. Na Septemba bustani haijafa: kuna dahlia, asta, na ile bustani ya mbele ya South Cottage, nyumba ndogo ya pale, inawaka nyekundu na manjano.

Kipepeo: Hujajibu. Mwakani Juni ina nini?

Mpwani_Kent: Mwakani huenda asione. Ana presha ya macho. Daktari kaniambia mimi. Yeye anajua macho yamechoka tu.

UstadhJuma: Subhanallah. Macho ni yake, na habari ni yake. Ugonjwa ule haurudishi kilichopotea, dawa inazuia tu. Atatumiaje kwa bidii asichokijua?

Mpwani_Kent: Matone anatia kila usiku, dada anasimamia. Sikutaka aje huku na huzuni. Mnaniona mbaya, lakini nyinyi hamkuisikia sauti ya daktari.

Mchunguzi: Hapa pana kutunga. Mwezi uliopita uliandika mama yako anafunga mwani kwenye kamba na kutunga uzi sindanoni bila miwani. Leo haoni?

BabaZuu: Eh! Hata mimi nakumbuka.

Mpwani_Kent: Presha ya macho mara nyingi inakula pembeni kwanza, katikati panabaki. Juzi kwenye video alikuwa anamimina chai. Kikombe hakukosa hata tone, lakini mdogo wangu aliyekaa ubavuni alimpiga kiwiko, akashtuka: "Kumbe upo hapa?" Sindano anaiona. Mtu hamuoni.

Mchunguzi: Niwie radhi. Bibi yangu alianza hivyo hivyo.

Kipepeo: Basi nenda Septemba, usimtembeze haraka. Mnara una ngazi 78, uache. Ulizia waridi liitwalo Souvenir du Docteur Jamain, jekundu la kuiva. Mwandishi Vita Sackville-West, aliyeinunua Sissinghurst na mumewe 1930, ndiye aliyelirudisha watu walipolisahau. Huweza kuchanua tena mwisho wa kiangazi, na linanukia sana. Pale matawi hupindwa yakafungwa kwenye fito za kuinama, maua mengine yanakuja chini. Mwambie ainame anuse.

Ua_la_Naivasha: Mpeleke, dada. Na umwambie.

Mpwani_Kent: Nimempigia sasa hivi. Nimeishia kumuuliza anavaa koti saizi gani.

UstadhJuma: Piga tena.