Naomba ushauri: moshi wa buluu asubuhi na kopo la kunasa oili

Ndugu wanachama,

Natumia hapa Bukavu gari la petroli lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambalo injini yake hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Likilala usiku kucha, asubuhi linapowashwa hutoa moshi wa buluu kwa muda mfupi, kisha hukoma. Maji ya radieta hayapungui. Oili ndiyo inayopungua polepole.

Fundi wangu ananishauri nifunge kopo la kunasa oili kwenye mpira unaorudisha mvuke wa injini katika njia ya hewa. Hoja yake naielewa: kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha, na ukungu wa oili huzigandia ukawa masizi magumu. Ninachotilia shaka ni kama kopo litaondoa moshi wa asubuhi, kwani sili za valvu (vizibo vidogo vinavyozuia oili isipite kando ya valvu) zilizochakaa huchuruzisha oili ndani ya silinda injini ikiwa imezimwa, mahali ambapo kopo halifiki. Tena moshi huohuo huonekana nikimaliza mteremko mrefu wa Kadutu bila kukanyaga mafuta, kisha nikikanyaga, jambo ambalo nalo hunifanya nishuku sili (na kwa milima yetu, jaribio hilo ni la kila siku).

Je, nianze na sili, au nikague kwanza turbo na valvu ya kupumulia injini (ile inayoruhusu mvuke wa injini kurudi katika njia ya hewa)? Na waliokwisha kufunga kopo, hulimwaga kila baada ya muda gani, maana katika baridi ya asubuhi hukusanya maji pamoja na oili?