Betri ya ndani inaisha kabla ya alfajiri: relei, DC-DC, sola au lithiamu?

Kigamboni_Kambi
Habari za jioni wakuu. Gari ni HiAce ya dizeli iliyogeuzwa nyumba ya safari. Betri ya ndani ni AGM (betri ya risasi iliyofungwa) ya ampea-saa 100 (Ah), iko nyuma, inachajiwa na alteneta kupitia relei ya volti kwa waya wa milimita 10 za mraba, kama mita 5 hivi. Hasi imefungwa kwenye bodi. Ina friji ya kompresa ya lita 45, feni, taa za LED na inveta ya wati 1000. Ikilala usiku mmoja, saa kumi alfajiri friji inajizima. Ukiendesha hadi Bagamoyo, usiku unaofuata ni yale yale. Hii ni betri ya pili ndani ya mwaka na nusu. Ushauri uliopo ni wa aina nne: betri kubwa zaidi, DC-DC (chaja inayopandisha volti za alteneta), sola, au lithiamu. Tuanzie wapi?

Fundi_Gerezani
Mkuu, usinunue chochote kabla ya kupima. Una maswali mawili: umeme unaliwa na nini, na chaji inafika kiasi gani?

La kwanza: zima kila kitu, kisha washa kimoja kimoja huku ukisoma ampea kwa mita ya kubana kwenye waya wa hasi wa betri ya ndani. Hakikisha mita ina alama ya DC upande wa ampea, maana nyingi za bei rahisi Kariakoo zinabana AC tu na kwenye gari zitakuonyesha sifuri. Ukitumia mita ya kawaida kwenye tundu la 10 A, usithubutu kuwasha inveta yenye mzigo wala kupiga stata, fyuzi ya mita itaungua. Pima na betri ya kuwashia pia: funga milango, subiri dakika 30 kompyuta ya gari ilale. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ikiwa 300, hiyo ni zaidi ya 7 Ah kwa siku, kuna kitu hakilali.

La pili: washa injini, kanyaga hadi mizunguko 1,500, washa friji na feni. Soma volti kwenye betri ya mbele, halafu kwenye ya ndani. Zikitofautiana, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma, kisha fanya hivyo hivyo hasi kwa hasi. Upande wowote ukizidi volti 0.3, hapo ndipo chaji yako inapopotelea. Lete namba.

Kimara_Foleni
Wakati namba zinakuja, niseme la relei na DC-DC. Relei hufunga volti zikifika kama 13.3 na kuachia zikishuka kama 12.8. Haiongezi volti hata kidogo, inaunganisha tu. Alteneta ikitoa 14.1 na waya ukila volti 1, betri inapata 13.1, na AGM kwa 13.1 haijai hata ukiendesha hadi Mikumi. Salfeti inaganda kwenye bamba na uwezo unapungua wiki hadi wiki. Wengi wanasema betri ni feki, kumbe ilinyimwa chakula.

DC-DC inapandisha volti yenyewe hadi 14.4 au 14.6 pale pale kwenye betri, na ina kikomo cha ampea. Ya 30 A huvuta karibu 40 A upande wa kuingilia, kwa hiyo weka waya wa milimita 16 na fyuzi ya 60 A karibu na kila betri, isizidi sentimita 20. Magari yenye alteneta janja, ile inayoshushwa volti na kompyuta ya gari ili kuipunguzia injini mzigo, hayana namna: relei itakuwa inafunga na kuachia siku nzima. HiAce za zamani hazina shida hiyo.

Tegeta_Jua
Ndugu zangu, mnasahau saa. AGM ikifika asilimia 80 inapunguza kupokea, na ile 20 ya mwisho inataka saa tatu, nne au zaidi hata uwe na chaja ya ampea 60. Kwenda Bagamoyo ni saa mbili, na nusu yake uko kwenye foleni injini ikiunguruma polepole. Kinachokaa na betri siku nzima bila kuchoka ni jua.

Paneli ya wati 200 iliyolazwa juu ya paa, kwa jua la Dar, itakurudishia 45 hadi 50 Ah siku ya mawingu machache. Masika hesabu nusu. Acha nafasi ya sentimita 3 au 4 kati ya paneli na bati ipate hewa, kwa sababu inapoteza takriban 0.4% kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na juu ya paa mchana inafika nyuzi 65 bila shida. Kontrola (kidhibiti cha chaji) iwe MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea. Ukiweka paneli ya nyumbani ya volti 30 na zaidi kwenye PWM, kontrola ya kawaida isiyogeuza, zaidi ya nusu ya nguvu inapotea.

Mbezi_Lithiamu
Naunga mkono sola, lakini lithiamu ya LiFePO4 ndiyo inayomaliza suala la saa, kwa kuwa inapokea ampea zote karibu hadi inajaa. DC-DC ya 30 A kwa saa mbili ni 60 Ah zimeingia kweli. Na 100 Ah unatumia 80 au 90, wakati AGM ukipita 50 unaiua.

Masharti mawili. Usiiunge kwa relei tupu: inavuta kadiri alteneta inavyoweza, na kwenye foleni ya barabara ya Mandela injini ikiwa kwenye sailensa (ikiunguruma polepole), feni ya alteneta inazunguka taratibu huku koili zikiiva. Pia usiiweke chini ya viti vya mbele. Injini ya HiAce iko hapo hapo, na betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45.

Kigamboni_Kambi
Namba hizi, wakuu. Friji ikizunguka 3.5 A, inafanya kazi karibu nusu ya muda. Feni 1 A. Inveta ikiwa imewashwa bila kuchomekwa kitu: 1.1 A. Volti mbele 14.1, nyuma 13.0, ampea 25 zikipita. Chanya kwa chanya 0.35. Hasi kwa hasi 0.75.

Fundi_Gerezani
Umeshapata majibu, kaka. Inveta tupu inakula 26 Ah kwa siku, zaidi ya nusu ya friji yenyewe. Weka swichi upande wa DC, izimwe kabisa. Matumizi yatashuka kutoka kama 80 hadi 55 Ah.

Hasi ndiyo mgonjwa mkuu. Fungua boliti ya bodi. Kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni utakuta unga wa kijani kwenye kichwa cha waya na rangi ya gari chini yake. Kwangua hadi chuma king'ae, weka kichwa kipya cha kubanwa kwa koleo la haidroliki, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi si ya kuwekwa katikati. Bora zaidi, vuta hasi yake yenyewe ya milimita 25 hadi betri ya mbele. Dukani kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe ndani ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha.

Tegeta_Jua
Na baada ya hapo paneli ya wati 200, relei ibaki. AGM hiyo ijaze kwanza kwa chaja ya umeme wa TANESCO saa 24, iache ipumzike saa 12, soma volti zake. Ikiwa chini ya 12.6, imeshakufa.

Kimara_Foleni
Ikiwa imekufa, hapo ndipo lithiamu na DC-DC vinaingia pamoja. Lithiamu bila DC-DC, hapana.

Kigamboni_Kambi
Boliti imefunguliwa, unga wa kijani upo kweli. Baada ya kusafisha, hasi kwa hasi ni 0.08 na nyuma inasoma 13.7. Betri iko kwenye chaja tangu saa moja jioni.