Re: Kijana wa Gredi ya 9 Ohio, Nairobi ataingia wapi kwa sayansi?

Hamjambo wote. Tunarudi Nairobi Desemba na kijana wa miaka 14. Huku yuko Gredi ya 9, anasoma kozi moja ya fizikia na kemia pamoja. Biolojia ni mwaka ujao. Huko watampokea vipi?
Dada, Columbus

---

Karibuni nyumbani, dada. Namba ya gredi isikudanganye. Marekani kozi hiyo husomwa Gredi ya 8 au 9, kutegemea shule, kisha masomo ya sayansi hufuatana moja kila mwaka. Hapa, sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) wana Sayansi Jumuishi: michanganyiko na elementi, viumbe hai, kani na nishati, vyote kila mwaka. Kwa fizikia na kemia kijana hatapata shida. Pengo lake ni biolojia. Wenzake walisoma seli Gredi ya 8.

Kwa umri wake, Januari ataingia Gredi ya 9, na hapo ndipo penye kazi. Mwishoni kuna mtihani wa kitaifa wa KJSEA, asilimia 60 ya alama za kupangiwa sekondari ya juu. Ishirini hutoka KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, na ishirini nyingine tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Zote mbili wako hana! Waulize baraza la mitihani, KNEC, na shule yenyewe kwa maandishi kabla hujalipa karo. Jibu la simu halishikiki.

Ukiamua shule ya kimataifa ya mtaala wa Cambridge, IGCSE, yaani cheti chao cha sekondari, husomwa Mwaka wa 10 na 11. "Combined Science" hutoa IGCSE moja, "Co-ordinated Sciences" hutoa mbili, na biolojia imo katika zote. Kama anawaza udaktari, mimi ningemchukulia fizikia, kemia na biolojia kila moja peke yake, shule ikiyatoa.
Mwalimu, Buruburu

---

Mwalimu, usimtie dada hofu. Biolojia ya sekondari msingi mtoto aliyezoea kusoma ataimaliza likizo ya Desemba. Kinachowasumbua hawa wanaotoka nje ni Kiswahili, tena hicho hakina likizo ya kutosha.

Dada, vitabu vya Gredi ya 7 na 8 vya binti yangu vipo, havijachanika sana. Tuma mtu Donholm avichukue.
Mjomba