Naomba ushauri: vijicho vya chambo bandia vinachomoka

Habari zenu wavuvi wenzangu. Natengeneza mwenyewe chambo bandia cha mbao, umbo la kisamaki, urefu sentimita 9 hivi. Kuelea kinaelea, kuyumba kinayumba, na samaki wanakidaka. Shida ni akivuta samaki mzito: ile skrubu ya kijicho (yenye kipete kichwani) inayoshika ndoano ya tumboni inachomoka, anaondoka nayo, mimi nabaki na kijiti kitupu kwenye mshipi.

Mbao yangu ni laini, ndiyo rahisi kuchonga. Nilianza na gundi ya kukauka papo hapo, ikapasuka. Nikahamia epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile ya kukauka kwa dakika 5. Ilishika siku chache, kisha maji yakapenya, mbao ikavimba. Skrubu ya mwisho ilitoka na epoksi yote kwenye nyuzi zake, pamoja na unga wa mbao, kama uliooza.

Je, skrubu ndefu zaidi na epoksi ya kukauka polepole vitatosha, au nipasue mbao nipitishe waya mmoja toka mdomoni hadi mkiani? Na kama ni waya wa chuma kisichoshika kutu, unene gani kwa samaki wa kilo 5?