Bondi ya meno ya mbele: wanaoijua kazi hii, tupeane uzoefu

Chonge

Wakuu salaam. Maswali ni yaleyale kila siku: mwanya, jino lililokatika ncha, jino fupi kuliko wenzake, jino lenye doa. Jibu linalokuja haraka ni "kapige bondi". Sawa, lakini muulizaji haambiwi kinachowekwa ni nini, kinashikaje, na kwa nini ya huyu inakaa miaka 7 wakati ya mwingine inabanduka kabla ya mwaka. Picha za kabla na baada tunazo za kutosha. Madaktari, wasaidizi, mafundi wa maabara na wasafishaji wa meno, leteni hatua, vipimo na sababu za kuharibika.

Naweka msingi. Bondi ni kompoziti, yaani resini (aina ya plastiki) iliyojazwa chembe ndogo sana za kioo, laini ikitoka kwenye bomba na ngumu ikipigwa mwanga wa buluu. Kushika kwake kunatokana na kazi ya Michael Buonocore, ambaye mwaka 1955 alionyesha kwamba enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ikipakwa asidi, resini inaing'ang'ania. Yeye alitumia asidi ya fosforiki ya asilimia 85. Leo tunatumia 35 hadi 37. Asidi hufungua vitundu visivyoonekana kwa macho, resini inaingia humo, inaganda, haitoki. Vitundu vikijaa mate au damu kabla ya resini kufika, hakuna cha kushika, hata bomba lingekuwa la bei gani.

Daktari_Enameli

Mkuu umegusa penyewe. Bondi nyingi zinazobanduka hazikuwa na kompoziti mbaya, zilikuwa na maji.

Kazi inaanza kabla ya siku ya bondi. Fizi zinazotoka damu zikiguswa, hiyo kazi inaahirishwa: ugaga utolewe, mtu apige mswaki vizuri wiki moja au mbili, fizi zitulie. Anayetaka meno meupe zaidi ayang'arishe kwanza, maana kompoziti haipauki kwa dawa ya kung'arisha. Ukiweka bondi leo ukang'arisha mwakani, meno yatapanda rangi, bondi itabaki ilipo. Na kung'arisha kukiisha, subirini wiki 2. Oksijeni iliyobaki ndani ya enameli inazuia resini kuganda vizuri, halafu rangi yenyewe ya jino bado inashuka kidogo kabla ya kutulia.

Rangi inachaguliwa mwanzo kabisa, jino likiwa na unyevu wake. Jino likikaa wazi dakika chache linakauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Ukichagua hapo, mgonjwa anaondoka amependeza, kesho yake jino limerudi rangi yake na bondi imesimama nyeupe peke yake. Njia ya uhakika ni kubandika kitonge kidogo cha kompoziti kwenye jino ambalo halijapakwa asidi, kukigandisha kwa taa na kulinganisha. Kompoziti hubadilika rangi ikiganda, kwa hiyo kuitazama mbichi hakutoshi. Kitonge hicho kinabanduliwa kwa urahisi.

Kisha jino litengwe. Shuka la mpira ndilo bora. Likishindikana, pamba, kifaa cha kufungua midomo na mfyonza mate unaofanya kazi kweli. Jino lisuguliwe kwa unga wa pumisi na maji, si kwa dawa ya meno yenye mafuta. Meno ya jirani yafungwe kwa utepe wa tefloni ili yasishikane.

Asidi: enameli sekunde 15 hadi 30, dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli, isizidi 15. Suuza kwa maji kwa muda uleule au zaidi. Enameli ikikauka lazima ionekane nyeupe isiyong'aa, kama kioo chenye ukungu. Isipokuwa hivyo, rudia. Dentini usiikaushe kabisa, iache na unyevu kidogo: nyuzi zake zikikauka zinalala, resini haipenyi, na mgonjwa analalamika ganzi ya baridi wiki nzima. Mate yakigusa enameli baada ya asidi, kupangusa hakusaidii. Asidi tena sekunde 10, suuza, kausha.

Gundi ipakwe kwa kusugua sekunde 20, si kupitisha brashi mara moja. Puliza hewa taratibu mpaka iache kutembea, gandisha. Baada ya hapo kompoziti inaingia kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja na mwanga wake.

Jino lililokatika ncha lina siri yake. Ukijaza kwa rangi moja inayopitisha mwanga, giza la mdomo linaonekana nyuma na jino linakuwa la kijivu. Anza na ganda jembamba upande wa ulimi, weka katikati kompoziti nzito ya rangi ya dentini, funika mbele kwa ile ya enameli. Mpaka wa enameli uchongwe mshazari milimita 1 hadi 2 ili mstari wa maungio upotee.

Msaidizi wa Kiti

Niongeze mambo ya trei, kwa sababu daktari akimaliza kuyasema hayo bado kuna vitu vinavyoiua kazi kimyakimya.

Hewa ya sirinji, kile kifaa cha kiti cha kupulizia hewa na maji. Kabla ya mgonjwa kuketi, puliza kwenye kioo kidogo cha mdomoni. Ukiona matone au utando, kuna maji au mafuta ya kompresa kwenye bomba, na ndiyo yatakayopulizwa juu ya gundi.

Gundi isimiminwe mapema. Nyingi zina asetoni au pombe ndani, na hizo huruka. Ikikaa wazi dakika kadhaa inakuwa nzito na haipenyi. Chupa ifungwe mara moja.

Taa ya kugandishia. Kompoziti nyingi huamshwa na mwanga wa buluu wa nanomita 470 hivi. Ncha ya taa ikae karibu kabisa na jino, milimita 1 au 2, na inyooke. Ukiishika mshazari, nusu ya tabaka inabaki laini chini huku juu pakiwa pagumu. Angalieni ncha: kitone cha resini kilichogandia pale kinazuia mwanga, na nimeona watu wanabadilisha taa nzima kumbe ncha ilihitaji kufutwa tu. Na ile taa kubwa ya kiti izimwe au ielekezwe pembeni wakati wa kuchonga umbo, la sivyo kompoziti inaanza kuganda mkononi na kukunjana.

Kitu cha mwisho: bidhaa zenye mafuta ya karafuu, yaani yujenoli, zisitumike kama kizibo cha muda kwenye jino linalosubiri bondi. Yujenoli inazuia resini kuganda.

Fundi Nta

Nyie mmezungumzia kushika. Upande wangu ni umbo, na hapo ndipo tabasamu linapoharibika hata bondi ikidumu miaka 10.

Mwanya wa milimita 2 watu wanauona mdogo. Fanyeni hesabu. Jino la kati lenye urefu wa milimita 10 na upana wa 8 linapendeza, maana upana ni asilimia 80 ya urefu, na macho yamezoea kati ya 75 na 80. Ziba mwanya huo kwa kuongeza milimita 1 kwa kila jino: kila moja sasa lina upana wa 9, asilimia 90. Limekuwa mraba. Hakuna rangi wala polishi itakayolificha hilo.

Njia zipo. Kama meno ya chini yanaruhusu, ongeza na urefu kidogo. Au punguza kidogo ubavu wa nje wa meno mawili ya kati na ujaze nafasi kwenye meno ya pembeni yake, ili ongezeko ligawanywe kwa manne. Mwanya mkubwa zaidi ya hapo uletwe karibu kwa nyaya kwanza, bondi imalizie. Na mwenye mwanya anaoupenda aachwe nao, si ugonjwa.

Kingine ni pembetatu nyeusi juu ya maungio, karibu na fizi. Utafiti wa Tarnow na wenzake wa 1992 ulionyesha kwamba umbali kutoka mahali meno yanapogusana hadi mfupa ukiwa milimita 5 au chini, fizi karibu kila mara hujaza nafasi. Ukizidi hapo, nafasi inaanza kubaki wazi. Kwa hiyo ukiziba mwanya, sehemu ya kugusana isogezwe kuelekea fizi, na bondi ianze kidogo chini ya ukingo wa fizi ikipanda kwa mteremko laini. Ukianzia juu ya fizi, unapata rafu.

Kazi ya meno zaidi ya mawili isifanywe kwa macho tu. Chukueni kipimo, nijenge nta juu ya nakala ya meno ya plasta, tutengeneze ukungu, yaani kalibu, wa silikoni. Ukungu huo unampa daktari ukuta wa nyuma tayari, na unaweza kumwonyesha mgonjwa sura ya mwisho mdomoni kabla hajakubali lolote.

Uzi wa Meno

Hiyo "rafu" ya Fundi Nta ndiyo inayoleta watu kwetu. Kipimo chake ni rahisi: pitisha uzi wa meno kuanzia juu kwenda chini na kurudi. Ukinasa au ukichanika, kuna ukingo uliotokeza. Ukoga unakaa hapo, fizi inavimba na kutoka damu, mtu anaogopa kupiga mswaki, damu inaongezeka. Wengi huambiwa "fizi zako hazipendi bondi". Uongo. Ukingo ukisawazishwa, fizi inapona.

Kuhusu kubadilika rangi, kuna aina mbili na msizichanganye. Rangi iliyotanda usoni kote ni ya nje: chai, kahawa, bizari, sigara, na dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Hiyo inatoka kwa polishi. Mstari wa kahawia kwenye mpaka wa bondi na jino ni habari nyingine, gundi imeachia pale na rangi imeingia chini. Polishi haitoi. Panachongwa na kujazwa upya.

Dawa ya meno ya mkaa na zile za "kung'arisha" zenye chembe kali zinakwaruza kompoziti, mng'ao unaondoka, halafu rangi inashika haraka zaidi. Jeli ya floraidi yenye asidi nayo inakula chembe za kioo, kwa hiyo mwenye bondi aombe floraidi isiyo na asidi. Na sisi wenyewe tunaosafisha tuangalie: mashine ya mtetemo ikipita kwenye ukingo wa bondi inaumega. Pale tumia kifaa cha mkono.

Chonge

Swali kwa Daktari_Enameli: ule uso usiong'aa hata siku ya kwanza unatokana na nini?

Daktari_Enameli

Mara nyingi ni haraka. Tabaka la juu kabisa la kompoziti haligandi vizuri kwa sababu ya oksijeni ya hewa, linabaki na utelezi. Paka jeli ya gliserini juu yake, piga mwanga sekunde 20 za mwisho kupitia jeli hiyo, kisha uanze diski za kusugulia: ya chembe kubwa, ya kati, laini, laini kabisa, bila kuruka hata moja. Diski ikirukwa, mikwaruzo ya ile ya kwanza inabaki na polishi inaing'arisha tu. Ukisugua kwa nguvu bila maji joto linapanda, na mstari mweupe unatokea pembezoni mwa bondi.

Na msisahau karatasi ya rangi ya kupimia meno yanavyokutana. Mgonjwa aume, kisha asogeze taya mbele na pembeni. Ukiona doa zito kwenye ncha ya bondi wakati taya iko mbele, hiyo ndiyo itakayomegeka.

Msaidizi wa Kiti

Kwa wanaosaga meno usingizini ningewakatalia kabisa.

Daktari_Enameli

Hapo nakupinga kidogo. Wanaweza kupata, ila kinga ya usiku itengenezwe bondi ikishakamilika, wala si kabla, maana umbo linabadilika. Ninaowakatalia ni wale ambao ncha zimelika na meno ya chini yanagonga palepale. Hapo hakuna nafasi ya kompoziti kukaa. Urefu uliopotea una sababu yake, na hiyo ndiyo itibiwe kwanza.

Mtazamaji

Naombeni kuuliza. Meno yenye madoa ya kahawia ya floraidi tangu utotoni, bondi inafaa?

Daktari_Enameli

Inafaa, ila isiwe hatua ya kwanza. Enameli iliyopata floraidi nyingi haishambuliwi kirahisi na asidi, kwa hiyo muda unaongezwa au tabaka la juu linaondolewa kidogo, la sivyo bondi itabanduka vipandevipande. Jaribuni kwanza kusugua kwa asidi hafifu na unga mkali, na kung'arisha. Madoa meupe yana njia yake, asidi ya hidrokloriki ya asilimia 15 kwa dakika 2 halafu resini nyepesi inayopenya. Doa likibaki, bondi ifunike lililobaki. Inatosha kidogo, na kompoziti nene huonekana bandia.

Mtazamaji

Shukrani dokta. Na ikimegeka, inatolewa yote?

Fundi Nta

La. Kompoziti ya zamani inarekebishika: uso wake unakwaruzwa kwa unga wa alumina wa mikroni 50, unapakwa sileni (kemikali inayounganisha kioo na resini), gundi, kisha kompoziti mpya. Ila daktari ajue rangi iliyotumika mara ya kwanza, kwa hiyo omba uandikiwe jina la bidhaa na namba ya rangi siku ileile ya kazi.

Ikibidi itolewe yote, hatari ni kuchonga na jino lenyewe. Kompoziti nyingi hung'aa tofauti na enameli chini ya tochi ya urujuanimno, hivyo daktari anaweza kuona mpaka ulipo. Kipande cha mwisho kitolewe kwa diski, bila maji, kwa mwendo mdogo na kwa kupumzisha jino. Kavu, kompoziti inabaki nyeupe bila uhai na enameli inang'aa.