Mjadala: dadu ya jeraha ifuate silaha au ifuate fani ya mhusika?

Mleta mada:
Wakuu, Jumamosi mezani kwangu mkuki umetula karibu nusu saa. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa kanuni za 2014, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Kijana mgeni akataka mpiganaji wake abebe mkuki wa ncha tatu, kaupenda tu pichani. Nikafungua jedwali la silaha. Mkuki wa kawaida ni sarafu 1 ya dhahabu, dadu ya jeraha (inayoonyesha pigo limeumiza kiasi gani) ya pande sita, ukiushika kwa mikono miwili pande nane, na unarushwa. Wa ncha tatu una dadu zile zile na unarushwa umbali ule ule, ila ni sarafu 5, mzito zaidi, na unamtaka mtu aliyefunzwa silaha za vita. Yaani unalipa mara tano upate kitu kile kile!

Hoja yangu: dadu ya jeraha itokane na fani, yaani kazi ya mhusika, si na chuma kilichoko mkononi. Mpiganaji arushe kubwa, mchawi ndogo, kila mtu abebe anachokipenda. Wala si jambo geni. Mchezo huu ulipotoka 1974 fani zilikuwa tatu tu, mpiganaji, mchawi na kasisi, na silaha zote zilitumia dadu ya pande sita. Kila silaha kuwa na dadu yake kulikuja na nyongeza ya 1975, ile ile iliyoleta fani ya mwizi. Dungeon World, mchezo mwingine wa aina hii, nayo inafuata fani: mpiganaji pande kumi, mchawi pande nne. Jambia au shoka, shauri lako.

Nani anapinga?

Mchangiaji wa 2:
Mimi napinga. Mende mmoja kaonekana jikoni, wewe unataka kuchoma nyumba. Tazama upanga wa mikono miwili: dadu mbili za pande sita, wastani 7. Shoka kubwa: dadu moja ya pande kumi na mbili, wastani 6.5. Upanga unaongoza. Sasa mpe shoka mbabe, fani nyingine ya kivita, wa ngazi ya 9. Akipata ishirini kwenye dadu ya kulenga, ya pande ishirini, dadu za jeraha zinarudufishwa kama kwa kila mtu, na yeye anaongezewa dadu moja zaidi ya silaha, kwa hiyo shoka linafika dadu tatu za kumi na mbili, wastani 19.5, na upanga dadu tano za sita, 17.5. Silaha na fani zinazungumza hapo. Ukifuata hoja yako mazungumzo hayo yanakufa, na shoka linabaki pambo.

Mchangiaji wa 3:
Mkuu wa 2, hesabu yako imeishia njiani. Ishirini inatoka mara ngapi? Chukua mitupo 20 ya kulenga, tuseme mbabe anampata adui mara 12: moja ni ishirini, 11 ni mapigo ya kawaida. Kwenye hayo 11 upanga unaongoza kwa nusu nusu, jumla 5.5. Shoka linarudisha 2 tu kwenye ile moja. Mfanye awe pia chotara wa orki, jamii ya mhusika inayoongeza dadu nyingine kwenye ishirini, shoka linarudisha 5. Bado halijafika! Mpaka apigane kwa pupa, arushe dadu mbili za kulenga achukue kubwa, ndipo shoka linapita, kidogo sana. Sasa hayo ni mazungumzo au ni mtihani wa hesabu kwa mtu aliyekuja kucheza?

Mchangiaji wa 4:
Nawacheka. Mnagombania nusu pointi huku mchawi wa ngazi ya 5 anarusha mpira wa moto: dadu nane za sita, wastani 28, kwa kila aliyeko ndani ya futi 20 kutoka pale ulipolipukia. Ngazi hiyo hiyo mpiganaji anapata nini? Pigo la pili. Asante sana.

Mchangiaji wa 2:
Mpira wenyewe ana nafasi mbili kwa siku, ya tatu akipumzika, na anayewahi kukwepa anaumia nusu. Mwendesha mchezo anayewaachia walale baada ya kila pambano asilaumu jedwali. Hata hivyo hiyo ni mada nyingine, ifungulie uzi.

Mleta mada:
Nimesoma. Wa 3 kanisaidia, ila wa 2 kanitia shaka kuliko nilivyotegemea. Nimeangalia tena kanuni za 2024. Hawakufuta dadu, kila silaha wameipa ujanja wake. Upanga mkubwa ukikosa bado unachubua. Shoka kubwa likipata linaweza kumfikia na wa pili aliye karibu. Mkuki wa ncha tatu sasa ni pande nane, mikono miwili pande kumi, na unaweza kumwangusha adui chini. Hiyo sababu ya kuchagua mtu anaiona bila kalamu na karatasi.

Lakini angalieni nani anapata ujanja huo bila kuulipia kwingine: mpiganaji, mbabe, paladini, mlinzi wa pori na mwizi. Kasisi akishika mkuki ule ule haangushi mtu. Kumbe fani imerudi kupitia mlango wa nyuma, kwa hiyo hoja yangu sijaizika.

Jumamosi ijayo kijana atautumia mkuki wake kwa kanuni mpya, silaha nyingine zote zibaki za 2014. Mbabe wetu ameshaanza kununa.

Mchangiaji wa 4:
Mwambie mbabe asome uchawi.