Wakili amezuia laki tisa za shamba la marehemu baba akisema ni ada yake: tufanye nini?

Binti wa Ganze

Wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye kuzifahamu sheria za Kenya, hasa waliowahi kuvutana na wakili kuhusu ada.

Baba yetu alipofariki, mimi na ndugu zangu wawili tulimpa wakili mmoja wa hapa pwani kazi ya kufungua mirathi, na hati ya usimamizi ilipothibitishwa na mahakama tukamwachia pia mauzo ya shamba lililoko kaunti ya Kilifi. Shamba liliuzwa kwa shilingi 4,500,000, na fedha zote za mnunuzi zilipitia akaunti ya wakili. Ametutumia 3,000,000. Anasema 900,000 ni ada yake, kwa sababu tulikubaliana asilimia 20, na kwamba 600,000 zilizobaki atazitoa siku tutakapotia saini karatasi inayosema tumepokea haki yetu yote na tumeridhika na ada hiyo.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya awali ofisini kwake alitaja asilimia 20, na hakuna kati yetu aliyepinga siku ile. Hata hivyo, hatukuandikiana chochote, na tulipomwomba mchanganuo wa hesabu alitujibu kwamba kazi imekwisha na mazungumzo ya ada yalikwisha zamani. Mama yetu ni mzee, ana matibabu ya kulipia, na kaka yangu mkubwa anataka tutie saini ili tupate hizo laki sita. Je, asilimia ya mdomo inatufunga?

Mwana Tononoka

Pole sana, dada, kwa msiba na kwa usumbufu huu. Msitie saini. Ada ya mauzo ya ardhi imewekwa kisheria: kwa ardhi isiyozidi shilingi milioni tano ni asilimia 2 ya bei, na isipungue 35,000. Asilimia 2 ya bei yenu ni 90,000, na ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 16 inakuwa 104,400. Mdaini zilizobaki zote, tena mwandikieni leo.

Karani Mstaafu

Ndugu Tononoka amesema kweli kuhusu mauzo, lakini dada asije akaenda kudai akiwa na hesabu hiyo peke yake, kwani atarudishwa nyuma mapema sana. Nimefanya kazi katika ofisi za mawakili kwa muda mrefu, na kosa la wateja wengi ni kuchukua ada ya hatua moja ya kazi na kuifanya kuwa ada ya kazi nzima. Mirathi ni kazi ya pekee yake, nayo ina ada yake, inayotegemea thamani ya mali, uzito wa shauri na muda uliotumika. Kisha kuna fedha ambazo wakili hutoa mfukoni kwa niaba ya mteja: ada za mahakama, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi kama shamba ni la kilimo, pengine na mpima ardhi. Hizo si ada, ila ana haki ya kurudishiwa, mradi aonyeshe risiti.

Dada, ulizieni pia kama katika hizo laki tisa ameweka kodi ya faida ya mauzo inayolipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, na humhusu muuzaji, ingawa ipo misamaha kwa baadhi ya mashamba ya kilimo. Ushuru wa stempu haupaswi kuonekana katika hesabu yenu, maana huo ni mzigo wa mnunuzi.

Kwa hiyo kiasi cha haki ni zaidi ya 104,400. Ni kiasi gani hasa, hakuna anayeweza kusema hapa, na ndiyo sababu mchanganuo unatakiwa kabla ya jambo lingine lolote.

Wakili Mwenzenu

Naandika nikiwa mtu wa taaluma hii, na jambo la namna hii linaniumiza, kwa sababu fedha za mirathi ndizo zinazopaswa kushikwa kwa uangalifu kuliko zote.

Swali la msingi ni hilo la asilimia 20. Chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, makubaliano ya ada humfunga mteja yakiwa ya maandishi na yametiwa saini na mteja mwenyewe au mtu aliyempa idhini. Neno lililosemwa ofisini, hata kama nyote mlinyamaza, halitoshi. Sasa itazameni tena karatasi mnayoletewa. Wakili wenu hana maandishi wala saini, na karatasi hiyo itampa vyote viwili kwa mkupuo. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba penye makubaliano halali ya ada, gharama haziendi tena kukadiriwa mahakamani, yaani kupitiwa na kupangiwa kiasi cha haki. Mngebaki na njia ya kuomba mahakama iyatengue kwa kuwa ni ya kupindukia, lakini mzigo wa kuthibitisha hilo ungekuwa wenu. Mweleze kaka yako hivyo kwa upole: laki sita hizo ni zenu tayari, hazihitaji kununuliwa kwa saini.

Pili, fedha zilizomo katika akaunti ya wateja si za wakili. Kanuni za Hesabu za Mawakili zinamruhusu kuchukua ada yake humo baada ya kumpelekea mteja hati ya gharama, au taarifa nyingine ya maandishi yenye kiasi, na kumjulisha kwamba fedha zake zitatumika kulipia. Kwa maelezo yako, hatua hiyo haikufanyika.

Mwandikieni barua, wasimamizi wa mirathi nyote mtie saini, mkitaka hati ya gharama iliyochanganuliwa na hesabu kamili ya fedha zilizoingia na kutoka, pamoja na malipo ya zile 600,000 bila masharti. Wekeni nakala yenye muhuri wa ofisi yake wa kupokea. Akileta hati na mkaona imezidi, ninyi wenyewe mnaweza kuomba Naibu Msajili wa Mahakama Kuu aikadirie, kwa maana sheria haikumwachia wakili peke yake haki hiyo. Asiyeridhika na ukadiriaji ana siku 14 za kutoa pingamizi na kuomba sababu, kisha anaweza kwenda mbele ya jaji.

Akikaa kimya, Agizo la 52 la Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010 linampa mteja njia ya kuomba Mahakama Kuu imwamuru wakili atoe hesabu, alipe fedha anazoshikilia na kukabidhi nyaraka. Kwenu Mahakama Kuu ya Malindi ndiyo iliyo karibu.

Mkaazi wa Likoni

Mimi ningeenda polisi moja kwa moja, na jina lake ningelianika hapa ili wengine wasiumie.

Wakili Mwenzenu

Naelewa hasira hiyo, ndugu yangu, lakini jina likianikwa kabla ya hesabu kujulikana, dada anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa katika kesi ya kashfa, na polisi wakisikia ni ubishi wa kiasi cha ada watawaelekeza mahakamani. Kuhusu mwenendo, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi bila malipo na inaweza kulifikisha jambo mbele ya Baraza la Nidhamu. Kumzuilia mteja fedha zisizobishaniwa mpaka atie saini ni jambo ambalo Tume itataka maelezo yake. Kazi ya kupanga ada, hata hivyo, ni ya Naibu Msajili, kwa hiyo msiache njia moja kwa kutegemea nyingine.

Binti wa Ganze

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea kaka maelezo ya kifungu cha 45, naye amekubali kutotia saini. Mama ameuliza jambo moja: mafaili ya mirathi na hati iliyothibitishwa bado yako ofisini kwa wakili. Je, anaweza kuyazuia mpaka tukubali ada?

Wakili Mwenzenu

Mwambie mama shikamoo yangu. Wakili anayedai ada halali anaweza kuzuia nyaraka za mteja mpaka alipwe, lakini wenu tayari ameshika fedha zinazozidi anachodai, kwa hiyo hoja hiyo itakuwa dhaifu sana mbele ya jaji. Hati iliyothibitishwa ni amri ya mahakama, nanyi mnaweza kuomba nakala yake iliyoidhinishwa katika masjala ya mahakama iliyoitoa, kwa kutumia namba ya shauri. Iombeni kabla hamjapeleka barua.

Karani Mstaafu

Na mkifika masjala, ombeni kulikagua faili lote kwa ada ndogo inayotozwa. Humo mtaona ni mara ngapi wakili alifika mahakamani na nyaraka gani aliwasilisha, na mtaweza kulinganisha na hati ya gharama atakayowaletea.